Pesa za kaskazi huishia wapi? Hesabu ya akiba kutoka Pate

Nenda Kizingitini mwezi wa Januari. Kaskazi inavuma kwa upole, maji ni safi, wapiga mbizi wanashuka miambani na kamba mawe wanapimwa kwa kilo pale pwani huku simu zikilia kwa ujumbe wa M-Pesa. Vijana wana hela. Kuna aliyebadilisha simu, kuna aliyeanza kulipa mahari, kuna anayewalipia marafiki chai na mahamri bila kuombwa.

Rudi Juni. Kusi imekaza, mawimbi yanapasuka nje ya miamba na vyombo vidogo vimefungwa. Yule yule aliyekuwa akilipia wenzake sasa anaandikiwa kwenye daftari la duka: unga kilo moja, sukari robo, majani ya chai. Mwaka ujao hivyo hivyo.

Ni rahisi kusema vijana wa visiwani hawajui kuweka akiba. Wanaosema hivyo aghalabu wana mshahara. Ushauri wa pesa tunaoletewa kwenye TikTok na kwenye semina za vijana umejengwa juu ya mtu anayelipwa kila tarehe 30. Chukua ile kanuni ya 50/30/20: nusu ya kipato iende kwa mahitaji, asilimia 30 kwa unachopenda, asilimia 20 kwa akiba. Ilipata umaarufu kupitia kitabu cha 2005 cha Elizabeth Warren, ambaye sasa ni seneta wa Marekani, aliyekiandika na bintiye. Kanuni si mbaya. Lakini asilimia 20 ya nini, kama Januari ulipata elfu arobaini na Juni umepata elfu tatu?

Na kabla hujasema hayo ni mambo ya wavuvi, jiulize wewe ulioko Kayole au Likoni. Unaendesha boda? Unauza mitumba? Uko mjengo? Unaandikia watu kazi mtandaoni? Basi kipato chako nacho kina kaskazi na kusi, tofauti ni kwamba Pate wanajua kusi itaingia lini. Wewe hujui. Ndio maana nadhani kisiwa hiki, chenye Faza, Siyu, Pate yenyewe, Tchundwa, Mbwajumwali na Kizingitini, kina la kutufunza kuliko semina nyingi.

Deni linavyokula bei

Tuanze na pale panapouma. Mvuvi wa kawaida hahitaji tu nguvu na ujasiri. Anahitaji mashine ya boti, petroli, barafu na nyavu. Septemba 2023 petroli ilipita Sh200 kwa lita kwa mara ya kwanza nchini, na ingawa baadaye ilishuka, kwa mtu anayekwenda nje ya miamba kila lita ni kamari. Asiye na akiba huenda kwa tajiri, yaani mfanyabiashara wa samaki mwenye mtaji. Tajiri hutoa mafuta, barafu, pengine hata boti. Wakati wa kusi hutoa pia hela ya unga na karo ya mtoto.

Hataki riba. Anataka samaki wako.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Ukidaiwa na tajiri, samaki wako ni wake, na bei hupanga yeye. Akija mnunuzi mwingine kutoka Lamu au Malindi na bei nzuri zaidi, wewe unamtazama tu. Chukulia tajiri anakupunja Sh150 kwa kilo moja ya kamba mawe, na msimu mzima umevua kilo 200. Umelipa Sh30,000 juu ya deni ambalo labda lilikuwa elfu kumi na tano, na deni lenyewe bado linakungoja. Hizo namba ni za mfano, badilisha utakavyo, ila utaratibu ni huo. Na usimlaani tajiri haraka. Wakati benki iko ng'ambo ya maji, ni yeye aliyekuja mlangoni saa mbili usiku mtoto alipougua.

Kwa hiyo swali la akiba Pate si la kuwa na hela ya kustaafu ukifika miaka sitini. Ni swali la Novemba: unaingia msimu ukiwa na mafuta yako ya wiki mbili za kwanza, au unaingia ukiwa umeshauzwa? Mtu mwenye elfu kumi yake mfukoni Novemba anaweza kuchagua mnunuzi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo akiba ya kwanza ambayo kijana yeyote asiye na mshahara anafaa kuitafuta, awe na boti au bodaboda: ile inayokuwezesha kukataa bei mbaya. Mwenye boda anayekodi pikipiki kwa siku anaelewa nazungumzia nini.

Simu inavyotafuna

Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, pesa za Pate hazihitaji tena kupanda boti kuja nyumbani. Hilo ni jambo kubwa kwa kisiwa ambacho hata safari ya kwenda Lamu mjini hungoja maji yajae kwenye mkondo wa Mkanda. Lakini simu ina mdomo wake.

Kutoa pesa kwa wakala, kiasi chochote kati ya Sh101 na Sh2,500, unakatwa Sh29. Soma tena. Ukitoa mia mbili unakatwa Sh29, ukitoa elfu mbili na mia tano unakatwa Sh29 ile ile. Sasa fikiria kijana anayetoa mia mbili mara tano kwa wiki. Amekatwa Sh145 ili kushika elfu moja mkononi. Angetoa ile elfu mara moja angekatwa Sh29. Kwa mwaka tofauti inapita Sh6,000, na hiyo ni zaidi ya lita 30 za petroli ikiwa bei iko chini ya Sh200. Hakuna aliyekunywa, hakuna aliyecheza kamari, hela imeyeyuka tu.

Najua jibu lako: "Nikitoa elfu yote nitaimaliza siku hiyo hiyo." Ni kweli, wengi wetu tunatumia simu kama kufuli. Basi toa mara moja kwa wiki, umpe mama au mke au dada mwenye msimamo, uchukue mia mbili mbili kwake. Pate watu bado wanaishi kwa namna hiyo. Nairobi utampa nani? Labda roommate, Mungu akusaidie.

Halafu kuna Okoa Jahazi. Jina limetoholewa baharini kabisa, lakini anayeokolewa hapo si wewe: ukikopa salio la Sh100 unapata Sh90. Asilimia kumi kwa mkopo ambao wengi hulipa siku mbili tatu baadaye. Fuliza, iliyoingia Januari 2019, ina ada ya kuanzia na ada ya kila siku, na ubaya wake ni kwamba hela ikiingia tu inajilipa kabla hujaiona. Mvuvi anauza samaki, ujumbe unaingia, salio ni sufuri. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, angalau hukata asilimia 5 ya kila mkopo na kukuwekea akiba, ijapokuwa kuweka akiba kwa kukopa ni jambo la ajabu kidogo ukilitafakari.

Pate karibu wote ni Waislamu, na kwa wengi wao mikopo hii ni riba, imekwisha. Cha kushangaza ni kwamba dini inawakataza jambo ambalo hata hesabu kavu inawakataza, na bado simu inashinda. Njaa haina subira ya fatwa.

Kuhusu kamari sina mengi. Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo yake kwa siku 30, na kila mtu anajua yule "ndege" wa kwenye simu bado anaruka. Miraa na muguka vilevile: Mei 2024 Mombasa na Kilifi zilipiga muguka marufuku, mahakama ikaingilia kati, wauzaji wakaendelea. Ukitaka kujua vinakula kiasi gani, andika siku saba tu kwenye karatasi. Usimwonyeshe mtu.

Pweza benki

Sasa twende kwenye jambo ambalo limenifanya niandike makala haya. Kinamama wa Pate kwa miaka mingi wamekuwa wakienda miambani kwa miguu wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, kutafuta pweza kwenye mashimo. Pweza huyu wa miambani anakua haraka mno. Anaishi mwaka mmoja hivi, pengine mmoja na nusu, na katika miezi michache tu uzito wake unaongezeka maradufu. Ukimchukua mdogo leo umepata mboga. Ukimwacha miezi mitatu umepata biashara.

Tatizo ni kwamba ukimwacha wewe, atachukuliwa na jirani. Kwa hiyo hakuna anayeacha.

Miaka ya karibuni wanakijiji, kupitia hifadhi ya bahari ya jamii ya Pate (Pate Marine Community Conservancy) na kwa msaada wa Northern Rangelands Trust, wamekuwa wakifunga sehemu za mwamba kwa miezi kadhaa kisha kuzifungua kwa pamoja. Mbinu hii ilijaribiwa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagascar, mwaka 2004, na imefika pia Kisiwa Panza kule Pemba. Hufungi bahari yote, unafunga kipande. Watu wanaendelea kuvua kwingine, na siku ya kufungua wanakuta pweza wakubwa.

Hiyo ni akiba. Haina benki, haina programu ya simu, haina riba. Ni pesa ambayo wote wamekubaliana kutoigusa mpaka tarehe fulani, na kila mmoja anamlinda mwenzake asiiguse. Fikiria ugumu wa kuweka akiba peke yako kwenye simu, ambapo kufungua ni kubonyeza tu mara tatu.

Lakini isiwe tunasifu tu. Siku ya kufungua kila mtu ana pweza, mnunuzi anajua kila mtu ana pweza, na barafu ni chache. Bei inashuka saa ile ile mliyoingoja miezi mitatu. Wasiofunga nao wanakuja kula jasho la waliofunga. Ndiyo maana kuafikiana na mnunuzi mapema, na kuwa na mahali pa kugandisha, ni sehemu ya akiba yenyewe. Wazee walilijua hili bila semina. Samaki wa kaskazi waliosalia walipasuliwa, wakatiwa chumvi, wakaanikwa, na ng'onda huyo ndiye aliyelisha nyumba wakati wa kusi. Maji ya masika nayo yalinaswa kwenye jabia, yale matangi makubwa yenye sakafu ya kukusanyia mvua, kwa sababu visima vingi vya huku vina chumvi. Nyumba yenye maji ya jabia haitoi hela ya madumu kila asubuhi.

Mchezo, sanduku na ufunguo

Pwani tunaita mchezo, bara wanaita chama au merry-go-round: watu kumi, kila mmoja anatoa, mmoja anabeba. Uzuri wake ni kwamba hauna riba na unakulazimisha. Ubaya ni kwamba ukipangiwa kubeba Februari, wakati una hela tayari, hela hiyo itakwenda kwa simu mpya. Na ukitakiwa kutoa Julai, utakopa ili utoe. Nimeona watu wakikopa Fuliza kulipia mchezo. Hiyo si akiba tena.

Michezo mingi imepangwa kwa wiki au mwisho wa mwezi, kalenda ya ofisi. Kwa kinamama wa pweza hela huja na bamvua, mara mbili kwa mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Basi kwa nini mchango usiwe siku ya pili baada ya bamvua? Wewe wa mjini, kama kazi yako ya mtandaoni inalipa Ijumaa, toa akiba Ijumaa saa ile ile. Usingoje tarehe 30 ambayo haina maana kwako.

Kuna pia vikundi vya sanduku, mtindo ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na sasa umeenea Afrika nzima, Tanzania ukizaa VICOBA. Sanduku moja la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, mbali na mwenye kuweka sanduku nyumbani. Kila mtu ananunua hisa, mwisho wa mzunguko wanagawana. Mikopo ya ndani kwa kawaida hutozwa riba, na hapo Pate patakuwa na mjadala. Suluhisho lipo: kikundi kinunue kile mwanachama anachohitaji, tuseme wavu, kimuuzie kwa bei na faida iliyotajwa mwanzoni, alipe polepole. Ndio murabaha unaotumiwa na benki za Kiislamu. Kama wanachama hawana uhakika, wamuulize sheikh wao kabla ya kununua kufuli.

Hela taslimu ndani ya nyumba ina hatari nyingine. Mwaka 2009 moto uliteketeza mamia ya nyumba Faza. Makuti hayamwulizi mtu ameficha nini chini ya godoro. Sanduku likijaa, lipelekwe benki. Lamu mjini kuna benki, ikiwemo Gulf African kwa wasiotaka riba, na amana za benki nchini zimekingwa mpaka Sh500,000 kwa kila mteja benki ikianguka. Safari moja kwa mwezi kwa niaba ya watu kumi ni nauli moja badala ya kumi. SACCO je? Ziko nzuri, ila ukaguzi uliotangazwa 2025 ulionyesha zaidi ya Sh13 bilioni zilipotea KUSCCO, muungano wa SACCO zenyewe. Kwa hiyo uliza maswali, omba hesabu, usione haya. Kijana akiuliza hesabu kwa adabu hajamvunjia mtu heshima.

Pesa kubwa ikija ghafla

Tarehe 30 Aprili 2018, mahakama kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu walipwe Sh1.76 bilioni kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari. Wavuvi ni zaidi ya elfu nne. Gawa mwenyewe: inakaribia laki nne kwa mtu. Baadaye yakafuata mazungumzo, ikakubaliwa asilimia 65 iwe taslimu na 35 vifaa vya uvuvi. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, na safari ya fidia imekuwa ndefu kuliko ya meli.

Wengi walikasirishwa na zile asilimia 35. Hela ni yangu, mbona unaninunulia mashine? Naelewa hasira hiyo, na sipendi serikali inapomfanya mtu mzima kuwa mtoto. Lakini ukifuatilia hesabu ya tajiri niliyoeleza hapo juu, mashine yako mwenyewe ndiyo inayokutoa kwenye daftari lake, mradi uwe na hela ya kuitia mafuta. Laki mbili na nusu zikiingia kwenye simu kwa mkupuo, wiki ya kwanza utapata binamu usiowajua. Aliyekaa na mkewe na kuandika kabla ujumbe haujaingia, deni hili kwanza, bati la nyumba, mafuta ya msimu, hiki cha harusi na si zaidi, ana nafasi. Asiyeandika ataandikiwa na wengine.

Lazima pia tuseme ukweli: akiba haiwezi kuziba kila kitu. Barafu ikikosekana, bidhaa zikifika kisiwani baada ya kupakiwa na kupakuliwa mara tatu, mvuvi atabaki mbioni hata akiandika kila shilingi. Hiyo ni kazi ya kaunti na ya vikundi vya BMU kudai. Magofu ya Pate ya kale yanatukumbusha kwamba hata matajiri wakubwa wa kisiwa hiki walifilisika, na wale hawakuwa na Okoa Jahazi.

Ila hebu tupige hesabu moja ya mwisho, ndogo. Kuanzia bamvua ya kwanza ya Novemba mpaka mwisho wa Machi kuna bamvua kama kumi. Vijana kumi, kila mmoja aweke elfu moja kila bamvua, sanduku lisifunguliwe kabla ya Mei. Ni laki moja, elfu kumi kwa kila mtu. Mei, Juni, Julai, Agosti: Sh2,500 kwa mwezi, na ukiitoa yote kwa pamoja wakala anakata Sh29. Haitoshi kulisha nyumba. Inatosha unga na mafuta ya taa, na inatosha kumwambia tajiri kwamba mwaka huu tutaongea bei Novemba, samaki wakiwa tayari kwenye mizani.